Matuta Manane kwa Watu Wawili

Nørby, Jumapili, 2 Machi 1958

Mdogo wangu Dagny,

Nakusalimu wewe na shemeji Holger, nikitumaini baridi ya Copenhagen imeanza kuwaachia. Huku kwetu theluji imeondoka juzi. Imebaki kidogo tu chini ya ua wa kaskazini, chafu kama tambara la jikoni. Mama mwili wake ni mzima: anakula, analala, anagombana na redio. Kichwa ndicho kinachokwenda na kurudi. Juzi aliniita kwa jina la marehemu shangazi Mette, jana kwa jina lako, na leo asubuhi akaniita kwa jina langu mwenyewe, nikakaribia kulia. Asante kwa soksi za Krismasi. Najua miezi miwili imepita, lakini kalamu nayo siku hizi imekuwa nzito.

Kazi za bustani zimeanza. Nimepogolea mitofaa mitatu. Wa nne nimeuacha, kwa sababu nikipanda ngazi naona dunia inazunguka. Mama anakaa dirishani na kunisimamia. Anagonga kioo kwa ile kastabini yake ya kushonea: pigo moja maana yake kata tawi hilo, mapigo mawili maana yake si hilo, mjinga wewe.

Mwaka huu tena anataka matuta yote manane. Nilimwambia, "Mama, tuko wawili." Akanijibu, "Tuta moja kwa kila mdomo. Baba yako, mimi, na nyinyi sita. Hesabu mwenyewe, au shuleni mlikwenda kuota moto?" Baba yuko makaburini mwaka wa kumi na moja sasa, na ndugu zetu Jens na Ane wanalala pembeni yake. Wawili wako Amerika. Wewe uko huko. Viazi vya mwaka jana vilivyobaki nilimpa jirani Kresten alishe nguruwe wake, na kabichi zikaozea pale pale zilipoota. Kila tuta lina urefu wa hatua kumi na tano. Nayajua kwa magoti.

Je, utaweza kuja Pasaka? Si lazima. Nauliza tu, nijue kama nitandike kitanda cha chumba cha mashariki.

Mimi dada yako,
Abelone


Copenhagen, 19 Machi 1958

Dada yangu Abelone,

Pokea salamu zangu, na zangu peke yangu zinatosha kujaza bahasha. Barua yako imenifikia imechelewa. Posta ya hapa siku hizi inatembea kwa magongo. Holger hajambo, kazi zimemzonga mno, hata mimi simwoni. Nami sijambo. Nimekonda kidogo, lakini unanijua, kila mwisho wa baridi nakuwa kama reki.

Nimecheka peke yangu kusoma habari za kastabini. Mbusu Mama, mwambie Dagny anamkumbuka.

Kuhusu bustani nisikilize, maana nami si mgeni tena katika mambo haya. Usichimbe udongo ukiwa na maji, utaganda kama matofali. Viazi vya mbegu vipange dirishani kwanza vichipue, jicho likitazama juu. Hapa Valby, kwenye kile kibustani chetu ng'ambo ya reli, watu wote wameshatoka kulima. Ungeyaona mambo! Mzee wa ploti ya pili analoweka njegere kwa maziwa usiku mmoja kabla ya kupanda, anaapa kwamba zinaota mara mbili. Mlango wa kibanda umepakwa rangi ya kijani, rangi nzuri sana, na vile vichaka vya zabibu mwitu mbele vimepogolewa kwa mstari kama nywele za askari. Majivu ya magugu yaliyochomwa jana yalikuwa bado yanafuka moshi asubuhi.

Pasaka haitawezekana, kuna mambo. Lakini Siku Kuu ya Maombi, tarehe mbili Mei, nitakuja. Weka alama kwenye kalenda. Nitakulimia matuta yako mawili kwa siku moja, wewe ukae ukinywa kahawa na kunitukana.

Wako mdogo,
Dagny


Nørby, Jumanne, 8 Aprili 1958

Dagny,

Natumaini Pasaka yenu ilikuwa na amani. Yetu imepita. Mama aliamka mapema akaandaa meza kwa ajili ya watu wanane, akatoa sahani zile za buluu, na mayai yote niliyokuwa nayo akayachemsha. Tukakaa wawili mbele ya sahani nane. Akasema, "Wanachelewa kwa sababu ya upepo." Nikasema ndiyo, ni upepo. Tumekula mayai mpaka leo.

Udongo umekauka nikaanza kuchimba. Nachimba nusu tuta, nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nachimba tena. Zamani nilikuwa namaliza tuta zima kabla ya kahawa ya saa nne. Gugu la sangari limeingia kutoka kwa Kresten, mizizi myeupe kama tambi, ukikata kipande kimoja umeotesha vitatu. Kresten mwenyewe alikuja kuniangalia juu ya ua, kiko chake mdomoni.

"Abelone, umekuwa mweupe kama jibini mbichi. Unakula kweli?"

"Nakula."

"Basi kuna mtu mwingine anayenenepa kwa chakula chako."

Nilimwambia aende akang'oe sangari yake aniache. Alicheka, lakini Alhamisi alileta mkokoteni mzima wa mwani kutoka ghuba ya fjordi akaumwaga mlangoni. Siku hiyo mimi nilikuwa nimekwenda mjini kwa basi. Nilikuwa na shughuli zangu. Mkewe alikaa na Mama kwa muda wa saa tatu, akasema hatarudia.

Sasa nakuambia jambo nililolifikiria. Mwaka huu nitapanda matuta matatu. Matano yaliyobaki nitayapanda nyasi. Nyasi mtu anafyeka mara mbili kwa mwezi, basi. Nimekwisha nunua mbegu.

Viazi viko dirishani kama ulivyosema. Jicho linatazama juu.

Abelone


Copenhagen, 21 Aprili 1958

Dada,

Nakusalimu, natumaini hamjambo wote, na moja kwa moja niseme: usithubutu.

Nyasi! Kwenye matuta ya Baba! Umesahau ule udongo ulikuwaje? Mchanga mtupu, upepo unaubeba. Umesahau tulivyokuwa tunatembea nyuma ya farasi kutoka fjordi, mimi nikiwa na miaka sita, mwani unanichuruzikia mgongoni? Miaka ishirini alijaza mchanga ule mpaka ukawa mweusi. Na wewe unataka kuulaza kwa pakiti moja ya mbegu kwa sababu umechoka! Kila mtu amechoka, Abelone. Mimi pia nimechoka. Unadhani hapa mjini watu wanalala kwenye pamba?

Nikifunga macho naiona bustani ile tuta kwa tuta. Vitunguu karibu na mlango, karoti, njegere, viazi matuta matatu, maharage, na kabichi kule mwisho mwisho. Ndiyo kitu pekee nilichonacho ambacho kiko mahali pake. Usiniondolee.

Zimebaki siku kumi na moja tu nije. Ngoja nifike tulizungumze.

Dagny


Nørby, Jumapili, 27 Aprili 1958

Dagny,

Salamu. Mama hajambo, nitakueleza chini.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa, maana miguu haikutaka. Unasema ukifunga macho unaiona bustani. Mimi naiona nikiyafungua, hiyo ndiyo tofauti yetu. Unaipenda kwa kuwa haikuumi mgongo. Miaka kumi na moja tangu Baba azikwe, nani amepanda matuta hayo? Umekuja mara mbili. Mara moja ulichuma njegere kwa bakuli, ukasema, oo, tamu kweli.

Lakini furahi, umeshinda, na wala si wewe uliyenishinda. Jumanne nilipanda matuta matatu, nikavuta kamba pale mwisho wa tuta la tatu, nikaacha. Mama aliniona. Hakugonga kioo. Nilikuwa jikoni namenya viazi nikasikia upepo umefungua mlango. Nilipotoka nilimkuta kwenye tuta la tano na gauni la kulalia, miguu mitupu, ameshika jembe-uma la Baba. Alikuwa ameanguka. Alikuwa amekaa kwenye udongo anachimba kwa mikono.

"Mama, inuka."

"Wanangu watakula nini?" akaniuliza. "Na wewe umesimama tu hapo, we mwanamke. Wewe ni nani hata?"

Nilimbeba. Ni mwepesi, lakini sikujua kama nitafika mlangoni. Basi nimepanda matuta yote manane, Dagny. Nimemaliza jana. Vitunguu, karoti, njegere, viazi matuta matatu, maharage, kabichi, kila kitu mahali pake kama unavyokiona ukifunga macho.

Chumba cha mashariki nimekitandika. Njoo Ijumaa kama ulivyosema.

A.


Nørby, Jumanne, 20 Mei 1958

Dagny, mdogo wangu,

Hii naituma pamoja na ile ya Aprili, ambayo imenirudia. Siku Kuu ya Maombi ilikuja ikapita. Mama alikaa na kofia kichwani tangu asubuhi kwa sababu nilimwambia kuna mgeni. Saa kumi na moja nilimvua. Nilikukasirikia siku tisa. Siku ya kumi tarishi akaleta barua yangu mwenyewe, nyuma imeandikwa kwa penseli: "Hayupo hapa. Alihama tangu Oktoba. Ulizeni kwa mjane Lund, chumba cha darini," na jina la mtaa nisioujua. Nadhani ni mkono wa mlinzi wa jengo.

Tangu Oktoba. Basi soksi za Krismasi zilitoka kwenye chumba cha darini, na barua ya njegere za maziwa, na ile ya usithubutu.

Sikuulizi. Ukitaka kuniambia utaniambia. Nimekaa na bahasha hiyo siku nyingine nane nikifikiri jinsi ya kukuandikia, na nikaona kwamba sina haki ya kukasirika, kwa sababu na mimi nimekuficha. Basi nianze mimi.

Ile siku niliyokwenda mjini nilikwenda kwa daktari. Nina uvimbe kwenye kizazi. Si ule mbaya, anadhani, lakini natoka damu tangu mwaka jana, karibu kila siku sasa, na ndiyo maana nakaa juu ya ndoo. Alinionyesha kipimo cha damu yangu akaniuliza nimefikaje pale kwa miguu yangu. Anataka kunipasua kabla ya kiangazi. Nilimwambia siwezi, nina mama na matuta manane. Akasema, "Bibi, kabichi hazijawahi kumfanyia mtu mazishi." Nikarudi na basi nikachimba.

Nimeahirisha mara mbili. Sasa wamenipa Jumanne tarehe kumi Juni, na daktari amesema hatanipa nyingine. Nitalala hospitali majuma mawili, pengine matatu. Mke wa Kresten hataki. Mchungaji alitaja nyumba ya wazee, nikampeleka Mama kuitazama. Alishika nguzo ya mlango kwa mikono miwili.

Sikuombi uchimbe. Magugu yaote yafike kiunoni, sijali. Nakuomba ukae na Mama. Nijibu ndiyo au hapana, usiniandikie habari nyingine yoyote.

Dada yako,
Abelone


Copenhagen, Jumamosi, 24 Mei 1958

Dada,

Ndiyo.

Najua umekataza habari nyingine, lakini treni ni Jumatano ya tarehe nne Juni, na sitaki kukuambia haya uso kwa uso.

Holger aliondoka Septemba. Yuko na mwanamke anayeuza tiketi kwenye tramu, hata hakwenda mbali. Nyumba ilikuwa kwa jina lake, na kile kibustani cha Valby pia. Niliilipa posta iniletee barua zako kwa nusu mwaka, nikidhani nusu mwaka inamtosha mtu kupata ujasiri. Ulipoacha kujibu nilijua ni ule usithubutu, nikasema, ana haki. Siku ya Maombi nilifika stesheni. Nilikuwa na sanduku. Nilifikiri utakavyonitazama ukisema, "Na Holger yuko wapi?" nikarudi darini.

Napiga pasi kwenye nyumba ya dobi, saa kumi kwa siku. Jumapili napanda tramu mpaka Valby, natembea kando ya reli, nasimama kwenye uzio. Ndivyo nilivyojua yule mzee analoweka njegere kwa maziwa. Ndivyo nilivyoona mlango umepakwa rangi ya kijani. Si sisi tuliopaka, ni wao. Mara moja yule mwanamke aliniona akanisalimu, hanijui, akaniuliza kama natafuta ploti ya kukodi.

Nilikuandikia kutoka kwenye uzio, Abelone. Na nikakukataza wewe kupumzika, ili kuwe na bustani moja ambayo bado naingia.

Jumatano, treni ya jioni. Usije stesheni. Nitatembea.

Dagny


Nørby, Jumapili, 15 Juni 1958

Dada Abelone,

Mwanga uko tele na Mama amelala mchana, nakuandikia huku mikono inaniwaka. Kwanza pole sana, na tumshukuru Mungu. Kresten alinipigia hodi Jumanne jioni akasema hospitali wamempigia mchungaji simu, umepasuliwa salama na umeuliza huu ni mwaka gani. Nikajua ni wewe mzima.

Mama hajambo. Mimi ndiye nisiyejua kama sijambo. Siku zile tano tulizokuwa wote hukuniambia ukweli, ulisema tu "utaona". Nimeona. Anaamka saa kumi na moja alfajiri akitaka kwenda kukamua ng'ombe ambaye alichinjwa kabla ya vita. Nikimvalisha anaficha mikono. Nilipotoka kupandishia viazi udongo alifungua dirisha kabisa, kioo hakikumtosha.

"We msichana! Nani kakufundisha kushika jembe? Unalishika kama mwavuli!"

"Ni wewe uliyenifundisha, Mama."

"Mimi? Mimi wangu hawajawahi kuwa wavivu hivyo. Ukimaliza njoo ule, halafu uende kwenu."

Nina malengelenge tisa. Nimeyahesabu kwa kuwa sina cha kusoma. Tuta la vitunguu nimepalilia nikang'oa na vitunguu vyenyewe. Karoti nilianza kupunguza miche, nilipofika mwisho nikaona nyuma yangu imenyauka yote, nimeikanyaga. Jana mvua ilinyesha na leo magugu yamesimama kama watu kanisani. Nilikaa juu ya ndoo yako. Nikalia kidogo, kisha nikanyanyuka kwa sababu Mama alikuwa anapiga kelele kwamba uji unaungua, na kweli ulikuwa unaungua.

Ulifanyaje haya miaka kumi na moja, na damu inakutoka? Usinijibu. Lala.

Dagny


Hospitali, Jumamosi, 21 Juni 1958

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kitanda namba sita, karibu na dirisha. Nimeruhusiwa kukaa. Uvimbe ulikuwa na ukubwa wa kichwa cha kabichi ya Agosti. Daktari mwenyewe amesema hivyo, si mimi niliyeleta kabichi. Wameupima, si mbaya. Wameniongezea damu ya watu wengine chupa tatu. Mwanamke wa kitanda cha pili anasema sasa pengine nitaanza kucheza dansi.

Nimelala, Dagny. Siku ya nne baada ya kupasuliwa nililala saa kumi na sita, wakadhani nina homa. Asubuhi mtu ananiletea kahawa. Simjui vizuri, ananiletea tu. Mara ya kwanza nilitaka kunyanyuka nikamsaidie kubeba sinia.

Hapa hakuna mtu anayeniuliza habari za bustani, na mimi nimeona haya kutambua kwamba siikumbuki. Nakaa najaribu kukumbuka kama nilipanda maharage kulia au kushoto, na sijali. Pole kwa malengelenge. Pakaa mafuta ya kondoo, yako kabatini nyuma ya chumvi.

Abelone


Nørby, Jumapili, 29 Juni 1958

Dada yangu,

Nafurahi kwamba umelala. Mama hajambo, jana alikula sahani mbili. Mafuta ya kondoo yamenisaidia. Nina jambo la kukuungamia, na nitalisema kama wewe unavyosema mambo, moja kwa moja.

Nimepanda nyasi.

Jumatano nilisimama mwisho wa bustani nikatazama. Sangari ilikuwa imemeza tuta la nne mpaka la nane, maharage hayaonekani, wadudu wameshatoboa kabichi zote. Nilifikiria barua yangu ya Aprili nikasikia joto mpaka masikioni. Nikaenda kwa Kresten.

"Una farasi bado?"

"Ninaye. Amezeeka kama mimi, lakini anavuta."

"Njoo ugeuze matuta matano."

Alinitazama. "Abelone anajua?"

"Ndiye aliyenunua mbegu."

Miche iliyokuwa mizima nilimpa mkewe. Amegeuza siku moja, nimeokota mizizi siku mbili, mbegu zako nilizikuta bandani kwenye kopo. Nilitawanya kama Baba alivyokuwa anatawanya shayiri, ila upepo ulinirudishia nyingi usoni. Kwa sasa ni udongo mtupu na shomoro wanakula.

Nilimwogopa Mama kuliko kitu chochote. Nilimfungia mlango, ukweli ndio huo. Alikaa dirishani muda wote farasi alipokuwa anapita. Hakugonga kioo. Nilipoingia nilikuwa nimeshaandaa uongo wa kila aina. Akasema, "Pazuri. Sasa mtu ataweza kuanika mashuka yake chini juani, kwenye nyasi, yawe meupe. Baba yenu alikuwa mbishi na matuta yake yale." Kisha akaomba kahawa.

Nilikaa kwenye kiti nikacheka mpaka nikaumwa mbavu. Pengine hukucheka uliposoma. Mimi nisingecheka ningekuwa wewe.

Jambo la pili. Jioni nilikuwa namchana nywele, akanishika mkono akauangalia kiganjani, malengelenge yote yale. Akasema, "Wewe ndiye uliyebaki nami. Yule mwingine aliondoka." Nikamwambia, "Hapana, Mama. Abelone ndiye aliyebaki. Mimi ndiye niliyeondoka." Akatikisa kichwa kama mtu anayemwonea huruma mtoto. "Aliondoka," akasema. "Alichukua sanduku. Nilimwona."

Nikaendelea kumchana nywele. Nimeona ni afadhali uisikie kwangu. Kwa mjane Lund nimeandika kwamba sihitaji chumba mwezi wa Julai. Wa Agosti sijaandika.

Unarudi lini? Nitakuja na mkokoteni wa Kresten.

Dagny


Hospitali, Ijumaa, 4 Julai 1958

Dagny,

Nakusalimu, nawe nisalimie Kresten na yule farasi. Mimi naendelea vizuri. Kidonda kimefunga, na natembea mpaka mwisho wa ukumbi na kurudi bila kushika ukuta.

Nilicheka. Kisha nikageukia ukutani nikakaa hivyo mpaka wakaleta chakula. Miaka kumi na moja nimemwogopa kwa matuta yale. Kila kipupwe kikiisha nilikuwa nasema mwaka huu nitamwambia basi. Nimepanda nikiwa na homa, nimepanda wiki ile tuliyomzika Ane. Na alichohitaji ni mtu wa kutomuuliza. Sikulaumu. Nachoka tu nikifikiria.

Msalimie, lakini usimsahihishe tena. Amesema kweli, kwa mara moja amekuwa na akili kuliko sisi wawili. Alisimama dirishani akaniona nimebeba sanduku, naelekea basini, na sikugeuka nyuma. Nilijua nikigeuka nitarudi kumfunga vifungo vya sweta.

Huna haja ya kuja na mkokoteni. Daktari alikuja jana akaniuliza kama ningependa kwenda nyumba ya kupumzikia wagonjwa, iko ufukweni upande wa magharibi, majuma sita. Alikuwa ameandaa maneno ya kunibembeleza. Nilikubali kabla hajamaliza swali. Nakwenda Jumatatu. Hujaandika chochote kuhusu Agosti, kwa hiyo naandika mimi: Agosti pia sipo.

Usiniandikie habari za vitunguu. Ukiniandikia, niambie tu kama mashuka yamekuwa meupe.

Dada yako aliyeondoka,
Abelone